Nilivyomnadi Mbwa Mzee Kemondo

Nilikuwa karani wa bwana mifugo Mwingereza pale Bukoba. Mbwa mmoja mzee aliyeletwa ofisini, ambaye hakuna aliyemtaka, alikuwa apigwe risasi Ijumaa, nikamhurumia na kwenda kumtafutia mtu wa kumchukua huko Kemondo.

Kufika huko, mbwa asiyeamka hata kula akaanza kunivuta. Akaingia migombani kwa mzee mmoja, akalala mlangoni. Sikuelewa, ila nikajiona nina bahati.

“Amekupenda, tata,” nikamwambia mzee, nikimwita baba kwa Kihaya. “Ana miaka minne tu, na anawinda.”

Mke wa mzee akatoka, akamwita mbwa kwa jina, akaenda kumletea chakula. Nikazidi kuchanganyikiwa.

“Mwanangu,” mzee akasema taratibu, “nilimleta ofisini kwenu mwezi uliopita, kwa sababu ya uzee wake. Wewe mwenyewe uliandika daftarini kuwa ana miaka kumi na mitatu.”