Mlinzi wa Boila na Michungwa ya Mkewe

Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu alilinda boila la kiwanda cha sabuni, na sheria ya kazi ile ilikuwa moja: maji yasipungue. Yakipungua, boila hulipuka na watu wanakufa. Kila nusu saa alitazama kipimo, na hakuna siku aliyosinzia zamuni. Alikuwa mtu mwaminifu. Lakini uaminifu usiouliza maswali una madhara yake, na yeye alistaafu nao.

Mkewe alipokwenda kumuuguza mama yake, alimwachia michungwa tisa aliyoipanda mwenyewe. Alimwambia aimwagilie mara moja kwa juma, basi. Mzee hakuweza. Alikaa, akasimama, akachungulia dirishani. Udongo ukikauka juu tu, alikimbilia bomba. Aliburuta mpira wa maji asubuhi, adhuhuri na jioni, akalundika udongo mashinani ili maji yasikimbie. Majani yalipogeuka manjano, alidhani ni kiu. Akaongeza.

Mwezi wa pili tangu mkewe aondoke, magome ya chini ya mashina yakatoa utomvu mzito kama gundi, na kunuka. Akamwita shemeji yake, dada wa mkewe, mwenye kitalu cha miche. Mama yule alipiga magoti, akafukua, akavuta mzizi. Ganda likamchomokea mkononi kama soksi iliyolowa.

"Shemeji, hapa maji yamezidi unga."

"Udongo ulikuwa unakauka."

"Juu. Chini hakuna hewa. Mzizi usiopumua haujitetei. Ukungu ulikuwamo udongoni siku zote, wewe umeufungulia mlango."

Akamwagiza aondoe ule udongo mashinani, achimbe mfereji, na asimwagilie mpaka udongo ukauke kina cha kidole kizima. Kama mikono inamwasha, akamtania, afue mashuka.

Alifua. Alifua na mapazia. Mara mbili alijikuta ameshika mpira, akauachia. Michungwa miwili ilikufa, akaing'oa, akaichoma. Saba ilibaki, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa mashaka.

Jirani alimshauri aseme ni wadudu. Wengi wetu tungesema hivyo. Yeye, siku mkewe aliporudi, alimngoja mlangoni, hata mzigo hakumpokea kwanza.

"Miwili nimeiua mimi, mama. Kwa maji."

Mkewe aliweka mzigo chini. Alipita moja kwa moja hadi kwenye ule mchungwa wa mashaka, akachomeka kidole ardhini.

"Bado una unyevu," alisema. "Leo usiuguse."

Mzee akaketi kando yake, akaikalia mikono yake.