Maharagwe Tuliyoanika Juu ya Tartani

Mwezi uliopita mwalimu wa michezo alinipigia simu nikiwa shambani nachuma majani chai. "Mama, kuja tu mara hiyo. Msichana wako amefungana kifua tena, na hii imeshinda ile ya juzi." Nilitupa kapu, nikateremka mbio na gambuti zangu hadi shuleni, na kabla sijaliona lango nilikuwa nimekwisha kuinusa ile harufu. Harufu ya kibanda cha kuziba pancha, jua la saa saba. Hebu wewe uliyesoma miaka yetu kaa kidogo nikukumbushe uwanja ule wa shule ulivyokuwa, maana nisipousema nitapasuka.

Ulikuwa udongo mwekundu tu, umeinama upande mmoja, hata anayekimbia mzunguko alikuwa akipanda mlima nusu na kuteremka nusu. Mistari tuliichora kwa majivu. Siku moja kabla ya michezo kila mtoto aliagizwa mkebe wa majivu kutoka nyumbani, na hapo ndipo vita vyangu na nyanya vilipoanza, kwa sababu kwake majivu yalikuwa mali. Ndiyo yaliyolinda maharagwe yasiliwe na wadudu, ndiyo yaliyomwagwa chooni, ndiyo yaliyofukuza siafu. "Majivu ya nyumba hii hayaendi mbio," alikuwa akisema, kisha ananijazia mkebe pomoni na kunitia kiazi cha kuchoma mfukoni. Tuliyamwaga tukifuata kamba, tukipiga chafya, tukarudi nyumbani weupe hadi kope.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa peponi. Vumbi lilitukaba, na funza walitula. Jioni nyanya alinikalisha mlangoni penye mwanga, akaubana mguu wangu kati ya magoti yake na kuwatoa kwa pini, nami nalia huku githeri inatokota nyuma yake na kunitia njaa katikati ya machozi. "Mguu wa mkimbiaji haulii," aliniambia. Hadi leo vidole vyangu viwili havina kucha. Kwa hiyo nilipoingia kamati ya wazazi, na tukaahidiwa uwanja wa tartani, mkono wangu ndio ulioinuka kwanza. Niliwaza vidole vya binti yangu.

Siku ya kuufungua tuliimba hadi sauti zikakauka. Ulikuwa mweusi ti, chembechembe za matairi yaliyosagwa zilizoshikanishwa kwa gundi, na ukiukanyaga unakurudisha juu. Watoto walikuja nyumbani na chembe hizo ndani ya soksi, kwenye nywele, hata masikioni. Vichwa vikawauma. Tukasema ni harufu ya upya, itaisha. Haikuisha, kila jua likiwaka nayo inaamka. Binti yangu, ambaye alikuwa akiwaacha wavulana wakimeza vumbi enzi vumbi lilipokuwepo, alianza kukohoa akimaliza mzunguko. Tukasema ni baridi.

Na ni baridi hiyo hiyo iliyotuingiza kwenye kosa. Unaijua Julai ya huku Kanja. Ukungu unakaa hadi saa sita, manyunyu yanakuja bila kubisha hodi, na maharagwe yaliyovunwa yanakataa kukauka. Kila mzazi alikuwa amepeleka debe lake kwa ajili ya chakula cha mchana cha watoto, yamejaa stoo, yana unyevu. Sumu kuvu tunaiogopa kuliko nyoka, kwa kuwa wapo tuliowazika kwa ajili yake. Nikaiangalia tartani. Hata siku ya mawingu, jua likichungulia kidogo tu, unasikia joto lake kwenye nyayo.

"Si tuanike hapo?" nilisema. Ni mimi niliyesema, si mwingine. Wazazi wakapiga makofi. Tuliyamwaga bila turubai ili joto liyafikie vizuri, na kwa siku tatu yakakauka hadi yakalia ukiyatikisa. Mpishi wa shule alipoyachemsha, povu lilipanda na utando mweusi juu yake. Akauengua kwa mwiko, akaniita. "Hii kitu inanuka tairi," akasema. Nikamwambia aongeze kitunguu.

Siku ile ya simu, daktari mjini Embu alimsikiliza binti yangu kifua, akauliza anachezea wapi. Nikamweleza uwanja, kisha kwa sauti ndogo nikamweleza maharagwe. Aliweka kalamu chini. "Mama, siwezi kukuapia ni hiyo tartani, hakuna mtu amepima. Lakini huyu asikanyage hapo tena. Na hiyo maharagwe mmwage." Niliyapeleka maneno hayo kwa kamati. Mwenyekiti alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Shule zingine zinalia zipewe, na wewe unalia umepewa? Unataka turudi kwa vumbi?" Maharagwe wakakubali yamwagwe. Uwanja ukabaki, maana mashindano yanakaribia na wageni watakuja kuuona.

Nikafanya nilichoweza. Nilimpeleka binti yangu Siakago kwa dada yangu, ambako shuleni kwao bado wanakimbia kwenye mchanga na jua kali. Alikataa kuniaga. Sasa dada ananiambia kikohozi kimepungua, nami nafurahi, kisha nasikia haya kwa kufurahi.

Unajua kilichokwenda na uwanja ule? Si udongo. Vumbi lile tulilimeza sote, na funza hawakuuliza huyu ni mtoto wa nani. Mwaka mmoja maji ya kisima cha shule yalipoharibika, akina mama hawakumwondoa kila mmoja mtoto wake. Walikuja na majembe, wote, nyanya akiwa mbele, wakakifukia kabla ya saa nne, na mwalimu mkuu akasimama pembeni akitazama. Mimi nilikuwa na jembe nyumbani na kamati nzima ya kuihimiza, nikachagua kupanga nguo za mtoto wangu kwenye sanduku.

Kila asubuhi msichana wa jirani hupita langoni kwangu. Alikuwa akikimbia na binti yangu, wa pili kwa kasi shuleni, na mama yake hana dada popote wa kumpelekea mtoto. Mama huyo alikuwepo siku ya maharagwe. Alipiga makofi kwa sababu aliyesema nilikuwa mimi. Juzi mtoto alisimama, akakohoa kwanza ndani ya mkono wa sweta, kisha akaniuliza, "Auntie, atarudi lini? Siku hizi mimi ndio nambari wani, na hayuko aone."

Nilimwambia atarudi karibuni. Kisha nikamnyoosha kola, nikamwambia akimbie, asichelewe shule.