Bomba la Kakao la Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika huku Makwale, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kakao walipoanza kutufuata hadi mlangoni. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu, nina cheti cha kidato cha nne na C ya fizikia, na hiyo C, mwanangu, nilitembea nayo kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Sijawahi kuwa mtu wa safari. Kyela mjini kwenyewe nikienda natamani kurudi kabla sijashuka. Lakini kuanzia hapa hadi Ngonga, bomba la dawa likigoma wanalileta kwangu, na ufundi huo sikuupata kwenye fizikia.

Mvua ilikuwa hainyamazi. Maganda ya kakao yalikuwa yameanza kuoza: leo doa jeusi, kesho ganda zima. Dawa ilikuwepo ndani. Kilichogoma ni bomba la kupulizia. Ukijaza upepo, unavujia wote kwenye mkono wa kufyatulia, shiii, kabla hujaufikia mti wa pili. Mume wangu alikuwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwenye biashara yake ya sabuni, na baba mkwe, mwenye bomba, macho yake yalishaingia ukungu. Vitu vidogo alikuwa havioni tena. Wiki moja zaidi bila dawa, na mavuno ya mwaka yangeozea mtini.

Nikamwambia mama mkwe kwamba nitalitengeneza mimi. Nilimwambia yeye kwa sababu kwetu mkamwana, mke wa mwana, alikuwa hasemi na baba mkwe wala hakai mbele ya macho yake. Akitokea huku, wewe unapotelea kule migombani. Siku hizi mnakaa naye meza moja na kumwomba vocha. Sisemi kitu, nawatazama tu.

Nikalifungua kwa mbwembwe zote za shule. Vidude vyote vya mkono wa kufyatulia nikavitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya taa, ving'are, kama anayeloweka maharage. Nilipovirudia, kile kimpira cha kuzuia upepo kilikuwa kimevimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki, hakiingii kilikotoka. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikachukua wembe, nikakipunguza. Nikafunga, nikajaza upepo. Safari hii bomba halikusema shiii, lililia kama mbuzi. Basi nikamtuma mama mkwe akamwambie mzee kwamba bomba limezeeka, litafutwe jipya. Asiyejua kucheza husingizia uwanja.

Yote hayo niliyafanyia jikoni, na kuta za jiko letu zilikuwa za mianzi, na mianzi haizuii maneno. Nikasikia kigoda kikikokotwa upande wa pili. Baba mkwe akaketi, akamwambia mkewe, taratibu kama anayesoma somo kanisani:

"Mwambie mkamwana, bomba hilo ninalo tangu mume wake anatambaa, na halijawahi kunidanganya. Likivuja, linaonyesha linapovujia. Alisikilize kwanza, ndipo alisemee."

Mama akanigeukia, mimi masikio yameshawaka moto. "Umesikia, au nirudie?" Alikuwa anafurahi, mama yule. Nikasema nimesikia.

Tukaanza upya, mianzi katikati yetu. Nikaagizwa, kupitia kwa mama, nikate jani la mgomba, na kila kinachotoka kilale juu yake kwa mpangilio wa kutoka kwake: nati, springi, pini, mpira. Wakati wa kurudisha, cha mwisho ndicho kinatangulia. Mafuta ya taa yasiuguse mpira tena. Maji na sabuni yanatosha. Mpira mpya ukatwe kwenye tyubu ya baiskeli, na wembe uloweshwe maji usikwame. Nikauliza, kupitia kwa mama, baiskeli ipi. Kigoda kikasogezwa. Kisha nikasikia gurudumu likifunguliwa kwa kupapasa. Ilikuwa baiskeli yake mwenyewe, ile ya kwendea kanisani Ipyana. Jumapili mbili alikwenda kwa miguu, na hakumweleza mtu kwa nini.

Mpira wa kwanza niliukata mnene. Wa pili ukachanika. Wa tatu ukakaa. Nikafunga, nikakibonyeza kifyatuo mara mbili kwa majivuno, na kabla sijajaza upepo sauti ikaja: "Springi imekaa kichwa chini. Mwambie upande mwembamba ndio unaoelekea pini."

Haoni, mwanangu, lakini alisikia kifyatuo kinavyolia. Nikafungua, nikageuza. Nikajaza upepo, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kama alivyoagiza, nikasubiri. Povu lilitulia pale pale, halikuvimba popote. Upande wa pili mtu mzima akawa anacheka peke yake, kidogo kidogo.

Siku tatu, kila mvua ilipopumua, nililibeba bomba mgongoni nikapulizia, buluu ya mrututu, ile dawa ya kuzuia kuoza, hadi kwenye nyusi. Baba mkwe alipita safu za mbali, akipapasa maganda. Ya bondeni yalishaoza. Mengine tuliyaokoa. Na jirani mmoja alipokuja na bomba lake bovu, nilimsikia baba mkwe akimwelekeza, sauti ameipandisha makusudi ipite vizuri kwenye mianzi: "Mpelekee fundi wangu, yuko jikoni."

Cheti nilichopewa shuleni sikumbuki nimekiweka wapi. Hicho nilichopewa kupitia mianzi ninacho mpaka leo.

Sasa nisikilize. Kitu kikiharibika mikononi mwako, usikimbilie kusema kilikuwa kibovu. Simama, rudi nyuma hatua moja moja kama ulivyokuja, na pale ulipokosea paseme kabla hapajasemwa na wengine. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupunguza kwa wembe usichokielewa. Na anayekurekebisha bila kukuaibisha, mheshimu kama mzazi wako.

Mungu aipe mikono yako subira na masikio yako unyenyekevu, akupe na watu wa kukuita fundi siku usiyotarajia. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Nenda salama.