Memori ya Mwalimu Yakobo

Atupele hakumpenda Mwalimu Yakobo, wala hakujisumbua kulificha hilo. Darasa la sita, kule Bujonde, mzee huyu ndiye aliyemchapa kwa kuongea Kinyakyusa shuleni. Leo amestaafu, na mwaka wa kumi na moja huu anayakusanya maneno yale yale ya Kinyakyusa kwenye laptopu, ati awaachie wajukuu. Duniani kuna watu!

"Mugonile, Mwalimu," alimwamkia mzee alipofika kwenye kibanda chake cha ufundi wa kompyuta, Kyela mjini, siku ya Jumanne.

"Sema Kiswahili. Mashine inaganda kila nikiandika. Fundi wa stendi anataka kupiga windo, aweke Windows upya. Wewe unasemaje?"

Atupele aliigeuza mashine. Alifungua skrubu, akachomoa vipande viwili vyembamba vya memori, akavisugua vijino vyake kwa kifutio cha penseli, maana unyevu wa Kyela hula kila kitu. Akarudisha kimoja: mashine ikafunguka hadi mwisho, faili za mzee zote zipo. Akaweka cha pili peke yake: ikaganda. Akakihamishia tundu la pembeni, ikaganda vile vile. Basi ugonjwa umejulikana. Kipande kipya tu, mzee aende zake. Maneno yake yalikuwa salama kwenye diski.

Hayo ndiyo aliyopaswa kuyasema. Lakini hasira za darasa la sita zilikuwa zimempanda, akasema kwa mkato: "Memori moja imekufa. Naitupa, nakuwekea nyingine."

Kwa fundi, memori ni meza ya kazi. Mashine ikizimwa, hakibaki kitu juu yake. Kwa watu wengine wote, kutoka Talatala hadi Kasumulu, memori ni kile kikadi cha simu kinachotunza nyimbo na picha. Atupele alilijua hilo fika.

"Unaitupa?" Mzee alimdaka mkono. "Nusu ya maneno yangu imo humo! Mwizi mkubwa wewe!"

Wapita njia walisimama kutazama. Dakika moja ingetosha kumweleza. Atupele hakuitoa dakika hiyo. Alikirudisha kile kipande kizima, akakaza skrubu, akamsukumia mashine pamoja na kile kipande kibovu.

"Nenda stendi, Mwalimu. Kapigiwe hiyo windo."

Msiba wa kujitakia hauna kilio, alijiambia, na siku hiyo alikula ugali wake kwa raha.

Ijumaa mzee akarudi, kalowa mvua. Hakufoka. Fundi wa stendi alikuwa amefuta diski nzima, akapiga windo. Mashine sasa ilifanya kazi vizuri sana, na ndani hamkuwa na kitu.

"Si neno," alisema mzee, akitoa leso mfukoni. Alikunjua leso, akakunjua na nailoni iliyokuwa ndani yake. Kile kipande kibovu kilikuwa kikavu kabisa. "Atupele, mwanangu. Nilikutukana bure. Ndaga fijo kwa kunirudishia hii. Maneno yangu yamo humu. Nitolee."

Atupele alikipokea kwa mikono miwili. Humo hamkuwahi kukaa neno hata moja, na Jumanne ile pale kibandani aliyelijua hilo alikuwa yeye peke yake.