Kibegi cha Kiunoni cha Violet

Getrude Mapunda alisoma fomu ya kujiunga na chuo akiwa amesimama, na alipofika kifungu cha kumi na nne aliipiga mezani kama mtu anayeua nzi.

"Dawa zote za mwanafunzi zikabidhiwe kwa matroni siku ya kuripoti," alisema. "Umesikia, Baba Xaveri? Wameandika tena."

William, mumewe, alikuwa amekaa mlangoni akishona nyavu. "Kila shule ina sheria zake," alisema bila kuinua kichwa.

Getrude alitoka nje akaenda kugeuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja, akiwageuza kwa nguvu hadi wengine wakakatika vichwa.

Kijiji kizima cha Liuli, kando ya ziwa, kilijua kwamba Getrude ana hasira, na wengi walijua sababu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa zahanati: alifagia, alichemsha vifaa, alifua mashuka yenye damu za watu. Mtoto wake wa kwanza, Xaveri, alikuwa na pumu tangu utotoni. Huku chini ziwani, kwenye joto, ilimjia mara chache. Alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni kule juu, kwenye baridi na mashamba ya kahawa, ikaanza kumjia kila wiki. Getrude alimpa pampu mbili za kuvutia dawa. Shule ikazichukua zote mbili, ikazifungia kwenye droo ya ofisi, kwa sababu mwanafunzi hakuruhusiwa kukaa na dawa. Asubuhi moja ya Juni, wakiwa kwenye mchakamchaka, Xaveri alibanwa. Wenzake walimbeba mbiombio hadi ofisini. Mwalimu mwenye ufunguo alikuwa amesafiri kikazi. Hadi nyundo ya kuvunjia droo inapatikana, Xaveri alikuwa hapumui tena. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Kilichofuata ndicho kilichomkausha Getrude machozi. Uongozi wa shule uliitisha kikao, ukaandika kwamba mtoto amefariki kwa ugonjwa wake wa siku nyingi na kwamba familia haina lalamiko. William akasaini. Baadaye alisema kwamba mbele ya walimu wote wale, wamevaa suti, mkono ulisaini wenyewe. Miaka sita sasa Getrude alikuwa akimpikia, akimfulia, akilala naye kitanda kimoja, na alikuwa hajamsamehe.

Sasa Violet, mtoto wa pili, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu Mbinga, kando ya barabara wanakopita madereva wa malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, nyuma yao vumbi tupu. Na Violet naye ana pumu.

Wiki ile Getrude alianza kukusanya. Alitafuta ndoo ya lita kumi yenye mfuniko, akaijaza kila alichowahi kuona mgonjwa akikihitaji. Violet aliporudi kutoka kuchota maji aliikuta imefika shingoni: bandeji sita, pamba, spiriti, mkasi, kipimajoto, dawa za maumivu, za malaria, za minyoo, mishumaa, kiberiti, tochi ya mawe manne, filimbi ya refa.

"Mama, hii ni zahanati. Mimi naenda kusoma."

"Utaipeleka."

"Nikibanwa darasani na ndoo iko bwenini, itanisaidia nini?"

Kilichomuudhi Getrude ni kwamba mtoto alikuwa amesema kweli. Akaibinua ndoo, vyote vikamwagika juu ya mkeka.

Wakakaa pande mbili za mkeka ule wakibishana. Violet alileta kibegi cheusi cha kiunoni, chenye zipu mbili, kama vile wanavyovaa wauza vocha. "Kisichoingia humu hakiendi," alisema. Mishumaa ikatoka. Dawa za minyoo zikatoka. Getrude aliing'ang'ania filimbi. "Hii utapuliza, watu waje."

"Mama, mtu asiye na pumzi atapuliza nini?"

Filimbi ikatoka. Zikabaki bandeji moja, jozi moja ya glovu, plasta, vidonge vichache vya maumivu, paketi mbili za unga wa kuongeza maji mwilini, na tochi ndogo kama kidole. Hivyo vyote vikaingia zipu ya nyuma. Zipu ya mbele iliwekwa pampu peke yake, ili mkono usikutane na kitu kingine. Kisha Getrude alichukua kadi ngumu akaandika kwa herufi kubwa: NINA PUMU. PAMPU IKO ZIPU YA MBELE. NIKALISHE, USINILAZE. ITA GARI. Chini akaandika namba yake na ya zahanati, kwa sababu simu huishiwa chaji. Akaifunga kwa nailoni, akaishonea kwenye mkanda.

"Sasa fumba macho," alisema. "Toa pampu."

Violet alifumba, akaitoa.

"Umechelewa. Rudisha. Tena."

Akarudia. Akarudia mara nne, mara tano. Akalazwa kifudifudi sakafuni, akaambiwa aitoe kwa mkono wa kushoto. Mara ya nane alisimama, akafungua mkanda, akakitupa kibegi ukutani.

"Mimi si Xaveri!"

William, pale mlangoni, aliacha kushona nyavu.

"Najua wewe si Xaveri," Getrude alisema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida. "Xaveri alikuwa mtiifu. Waliposema lete pampu, akawapa. Mimi ndiye niliyemfundisha kutii wakubwa. Wewe nakufundisha vingine."

Violet akaenda kukiokota kibegi, akakifunga kiunoni, akafumba macho.

Siku ya kuripoti Getrude na Violet walipanda basi la asubuhi hadi Mbinga. Matroni, Bi Walburga, alikuwa ameweka meza kwenye mlango wa bweni, akipekua mabegi. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni. Violet alimwamkia, naye akaitika huku akinyoosha mkono kuelekea kiunoni kwake.

"Hicho kina nini?"

"Dawa yangu ya pumu, Madam."

"Weka hapa. Ukihitaji utakuja kuomba."

Njia nzima Getrude alikuwa ameandaa maneno ya kusema. Hakuwahi kuyasema. Violet alishika mkanda kwa mikono miwili.

"Siweki, Madam. Kaka yangu aliweka. Tulimzika."

Bi Walburga alikunja uso. "Msidhani mimi ni katili," alisema. "Mwaka juzi binti mmoja alimeza vidonge vyote vya mwenzake kwenye bweni hili hili. Mimi ndiye niliyempata. Mnataka nifanye nini?"

"Chukua vidonge," Getrude alisema. "Hata vya kichwa chukua. Pampu haimezwi. Na niambie, ukienda msibani, ufunguo wa kabati anabaki nao nani?"

Matroni aligusa funguo mfukoni mwake.

"Basi andika," Getrude alisema. "Andika kwamba Violet Mapunda anakaa na pampu yake saa zote, na wewe umekubali. Weka saini."

Bi Walburga akachana karatasi kwenye daftari, akaandika na kusaini. Getrude alisoma kila neno. Akairudisha: hapakuwa na tarehe. Tarehe ilipowekwa, akaomba nakala ya pili. Kabla ya kuondoka aliuliza kama wanafunzi wengine wenye pumu nao wataruhusiwa. Akaambiwa hilo ni la uongozi. Akatoka bila kuaga, akiwa na hasira zaidi ya alivyoingia.

Nyumbani alimwekea William karatasi mapajani.

"Hivi ndivyo mtu anavyosaini," alisema. "Anasoma kwanza."

William aliisoma mpaka mwisho. "Nilikosea, Mama Xaveri," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza la aina hiyo kwa miaka sita. Getrude alikuwa ameliwazia mara nyingi, na alidhani likija litampunguzia kitu. Halikumpunguzia. "Ndiyo, ulikosea," alisema, akaenda kuwasha moto.

Mwezi wa tatu wa masomo Violet alibanwa darasani, siku ya upepo na vumbi. Alifungua zipu, akavuta dawa, akasubiri, akavuta tena, akaendelea kuandika. Mama yake alikuja kujua baada ya wiki mbili, kwenye simu, katikati ya habari za chakula cha chuo.

"Wiki mbili!" Getrude alipiga kelele, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi la zahanati wakageuka wote. "Wiki mbili huniambii!"

"Mama, ilipita. Nilipona."

"Sijakuuliza kama ulipona! Nakuuliza kwa nini sikujua!"

"Kwa sababu ungepanda basi siku ile ile ukaja kugombana na mtu."

Ilikuwa kweli. Getrude alimwambia aombe pampu mpya kabla hiyo haijaisha, akakata simu, kisha akamgeukia mzee mmoja benchini aliyekuwa akitabasamu na kumuuliza anacheka nini.