Rangi ya Kijani Kisimani kwa Mama

Shangazi yangu, dada yake baba, ni afisa afya wa mji wetu, lakini hakuna anayemwita hivyo. Wanamwita Mama Funika. Akitokea tu mwanzo wa mtaa na koti lake jeupe na mabuti ya mpira, utasikia vifuniko vinagongana, ka! ka! ka! Masufuria yaliyokaa wazi tangu asubuhi yanapata adabu ghafla. Yeye hucheka tu. "Waniogope, mradi nzi wakose pa kutua," huniambia.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Anachungulia mapipa ya maji, anamulika tochi chini ya meza za bucha, anabishana na watu kuhusu mitaro. Kila mwisho wa mwezi anaketi na bodi ya afya katika chumba cha nyuma ya zahanati na kuwaeleza alichokuta. Bodi ndiyo inayoamua nani afungue na nani afunge.

Mwezi uliopita watu wa mtaani kwetu walianza kuharisha, na wengi wao huchota maji kwenye kisima kilicho nyuma ya mgahawa wa mama. Shangazi akaja na kichupa cha unga wa rangi.

"Karibu, wifi," mama alisema, mikono kiunoni. "Umekuja kula au kutufungia?"

"Nikila kwako utanisema mwaka mzima. Leo nataka choo cha jirani."

Jirani ni kinyozi, na kinyozi huyohuyo ndiye mwenyekiti wa bodi. Shangazi alikoroga unga kwenye ndoo, maji yakageuka kijani cha kung'aa ambacho sijakiona hata kwenye maabara ya shule, kisha akayamwaga yote chooni.

"Rangi hii haimdhuru mtu," alinieleza nilipomuuliza. "Ila ikitokea kisimani, tutajua choo kinavujia wapi."

Mama alikuwa anasikiliza. Kisima kikifungwa, mgahawa nao basi, na nyumba yetu yote inaendeshwa na yale masufuria.

Siku zilizofuata nyumbani hapakukalika. Baba, akiwa katikati ya dada yake na mke wake, alihamia kunywa chai uani. Mama alichemsha kila tone la maji, na kila asubuhi aliteka ndoo ya kwanza mwenyewe na kuikazia macho. Asubuhi ya mkutano wa bodi nilimkuta amesimama kisimani, hasogei. Maji yalikuwa ya kijani. Si sana, lakini kijani.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angeweza kuyamwaga pale chini na kuteka mengine. Badala yake alivua aproni, akayamimina kwenye beseni jeupe, akajitwika. Mimi nikamfuata mbiombio hadi zahanati.

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anasimama kuzungumza. Mama akatua beseni mezani, mbele ya wajumbe wote.

"Wifi, usihangaike kutafuta maneno. Haya hapa."

Kinyozi akatoa macho. "Yaani haya... yametoka chooni kwangu?"

"Kwako kabisa, mwenyekiti," shangazi akajibu.

"Na mimi nakula pale mgahawani kila mchana!"

"Basi umekuwa ukirudishiwa mali yako," mkunga wa zahanati, naye mjumbe wa bodi, akamwambia, na chumba kizima kikaangua kicheko, mama akiwemo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kisima kifungwe. Kinyozi afukie choo chake, ajenge kingine mbali, kisichovuja. Wakafika kwenye mgahawa, na mama akaacha kucheka.

"Mlinituma nizuie kuharisha, hamkunituma nizuie kupika," shangazi alisema. "Bomba la hapa zahanati nimelipima, ni safi. Mama huyu angeweza kutuficha, amekuja mwenyewe. Achote hapa mpaka bomba la mji limfikie."

Mkono wa kwanza kunyooshwa kukubali ulikuwa wa kinyozi. Mchana ulikuwa unakaribia.

Kesho yake tukapakia pipa kwenye mkokoteni, mama akivuta mbele, shangazi akisukuma nyuma na koti lake jeupe limelowa.

"Sukuma, wifi! Serikali inachoka mapema hivi?"

"Serikali haijanywa chai."

Mama akasimamisha mkokoteni katikati ya barabara, akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi tufike kwanza," akasema. "Maji si haya hapa?"