Programu Iliyouliza Nani Alipima

Mwaka wangu wa mwisho wa uzamili nilipanga chumba mtaa wa Shirere na mwenzangu aliyekuwa akisomea takwimu. Utafiti wangu ulikuwa Butali, kwenye shamba la mama mmoja: nilipanda maharagwe katikati ya miwa, vipande vingine kwa samadi, vingine bila, nikalinganisha mavuno. Makala ilipokamilika, msimamizi wangu aliniagiza niipitishe kwanza kwenye programu inayokagua kama mtafiti ameeleza yote yanayotakiwa.

Niliipakia Jumamosi asubuhi, mwenzangu akimenya ndizi za kupika kando yangu. Alama karibu zote zilirudi kijani. Moja ilikuwa nyekundu: makala haisemi kama aliyepima mavuno alijua yametoka kipande gani.

"Nani alipima?" mwenzangu akauliza.

"Mimi."

"Na ulijua?"

"Ningekosaje kujua, na mimi ndiye niliyevuna?"

Alipangusa mikono akavuta kompyuta. "Hebu tuone inaona nini." Akaandika kwamba mpimaji hakujua. Kijani. Ulikuwa uongo mtupu, nayo ikaupokea. Akafuta, akaandika kwamba mpimaji alijua. Kijani tena. Nikaongeza kwamba alifungwa kitambaa machoni. Hata hilo halikuisumbua. Tulicheza hivyo mpaka ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye sinia.

Jumatatu nilimweleza msimamizi. "Daktari, ile programu haijui ukweli."

"Sikukutuma ikuambie ukweli," alisema. "Nilikutuma ikuulize. Umeulizwa. Unajibu nini?"

Niliandika kwamba nilijua, nikaituma makala. Lakini swali halikuniacha. Je, ningepima bila kujua, ningepata matokeo yale yale?

Msimu uliofuata, mama mwenye shamba alikubali kuvuna mwenyewe na kuyatia maharagwe kwenye magunia yenye alama alizozielewa yeye tu. Nilipopima, nilijikuta nikikisia kila gunia kwa rangi ya punje, na kwa lile nililodhani ni la samadi, mkono ukitaka kusubiri kidogo mizani ipande. Hapo ndipo nilipoelewa programu ilikuwa ikiulizia nini.

Mama alipofichua alama zake, samadi bado iliongoza, ila kwa tofauti ndogo kuliko ile ya kwanza. Huenda ilikuwa mvua. Huenda nilikuwa mimi.

"Sasa umefurahi ama umehuzunika?" aliniuliza.

"Sijui bado, mama. Tunaweza kupanda tena?"

"Tutapanda," alisema, akianza kukunja magunia. "Lakini mbegu utaleta wewe."